Asilimia 92 ya Nani?

Kila mwezi wa Januari kundi la WhatsApp la chama chetu hugeuka kijiwe. Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, Watanzania hurushiana pongezi, Wakenya huleta ya kwao ya KCSE, na wenzetu waliotoka Kongo husoma tu bila kuchangia. Januari 2025 namba iliyozunguka ilikuwa 92.37. Ndiyo asilimia ya watahiniwa wa shule waliofaulu mtihani wa kidato cha nne wa 2024. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba nchi ikifika hapo ina afya, na hakuna aliyembishia, maana namba kama hiyo hufunga watu midomo. Agosti ikawa zamu ya Texas: wizara ya elimu ya jimbo ilitoa herufi za shule, kuanzia A hadi F, na watu wale wale wakaanza kupima hali ya Dallas, Fort Worth na Houston kwa herufi hizo.

Sisi tunaoandika makala haya hatuna ugomvi na namba. Wengine kati yetu tunasomea takwimu, na tungependa kupata kazi humo. Tunakubali kwamba mwelekeo wa elimu ni moja ya njia nzuri za kujua kama watu wa nchi wanaishi vizuri au wanaishi tu. Ila tuna swali moja, nalo tunaomba liulizwe kabla ya pongezi: asilimia hiyo ni ya nani? Nani alihesabiwa, na nani alikuwa ameshatoka kwenye daftari kabla hesabu haijaanza?

Kupima nchi kwa elimu si jambo la jana. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa kwa mara ya kwanza Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu. Kazi hiyo iliongozwa na Mpakistani Mahbub ul Haq, akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Hoja yao ilikuwa kwamba pato la taifa peke yake halisemi kama watu wana maisha mema, kwa hiyo wakaunganisha mambo matatu: umri wa kuishi, elimu na kipato. Kwa upande wa elimu walianza na idadi ya watu wazima wanaojua kusoma na kuandika. Tangu 2010 wanahesabu miaka: watu wazima wamesoma miaka mingapi kwa wastani, na mtoto anayeanza leo anatarajiwa kusoma mingapi. Ni kipimo kizuri, lakini kwa kipimo hicho mwaka wa kukaa kwenye dawati ni sawa na mwaka wa kujifunza. Benki ya Dunia ilijaribu kulirekebisha hilo kwa hesabu yake ya mtaji wa watu, na katika ripoti ya 2020 mtoto wa Tanzania aliyetarajiwa kukaa shuleni miaka 7.2 alikutwa na mafunzo yenye thamani ya miaka 4.5. Miaka karibu mitatu imeyeyuka, na mtoto hakukosa shule hata siku moja.

Hata hivyo, tusiseme kwamba mstari wa takwimu za elimu hausemi kitu. Ukiufuata wa Tanzania tangu miaka ya sitini, unasomeka kama karatasi ya homa ya mgonjwa. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, 1970, zikafuata kampeni mfululizo, na kufika 1986 waliokuwa hawajui walihesabiwa kuwa takriban mmoja katika kila kumi. Azimio la Musoma la 1974 likasukuma watoto wote waingie shule ya msingi, hata kama walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wenyewe juzi tu. Kisha uchumi ukaanguka, ada ikarudi katika miaka ya themanini, na mstari ukashuka. Mwaka 2000 watoto wa umri wa shule waliokuwa darasani walikuwa chini ya sita katika kumi. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa chini ya mpango wa MMEM, mstari ukapanda tena, na kufika 2006 ulikuwa umevuka asilimia 95. Hapo huhitaji mchumi akufafanulie. Unaona mzazi aliyeshindwa, unaona serikali iliyofilisika, na unaona siku mlango ulipofunguliwa.

Kitu tunachokipenda zaidi katika hesabu ile ya zamani ni kwamba ilikwenda kuwatafuta watu walio nje ya shule. Bibi wa miaka 60 aliyefuata darasa chini ya mwembe baada ya kutoka shamba alikuwa ndani ya takwimu. Kama hakuenda darasani, alikuwa ndani vilevile, kama mtu asiyejua kusoma ambaye taifa lilikuwa linamdai au, tuseme kweli, lililokuwa linadaiwa naye. Asilimia ya ufaulu haina tabia hiyo. Yenyewe humngoja mtu kwenye chumba cha mtihani. Asiyefika, haipo habari yake.

Turudi basi kwenye 92.37, tuipige hesabu ambayo kijiwe hakikuipiga. Watoto waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024 ni wale waliomaliza darasa la saba mwaka 2020. Mwaka ule, waliofanya mtihani wa darasa la saba walikuwa zaidi kidogo ya milioni moja. Miaka minne baadaye, watahiniwa wa shule waliofaulu kidato cha nne walikuwa takriban 477,000. Gawanya mwenyewe. Katika kila watoto 100 waliokalia mtihani wa darasa la saba, waliotoka na cheti cha kidato cha nne ni kama 47. Tunajua kuna waliokariri darasa, waliohamia nchi nyingine na waliorudi kama watahiniwa wa kujitegemea. Hesabu yetu ni ya kalamu na bahasha. Lakini pengo la watoto nusu milioni halizibwi na waliokariri. Na bado hatujagusa walioanza darasa la kwanza pamoja nao na hawakufika la saba.

Kisha kuna neno lenyewe, kufaulu. Kidato cha nne Tanzania anayepata daraja la nne amefaulu, na daraja la nne unalipata kwa D mbili, au C moja. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu mwaka huo hawakufika nusu ya waliofanya mtihani. Wakati tunapongezana, wengi wa tuliokuwa tunawapongeza walikuwa nyumbani wakijiuliza D mbili zinakwenda wapi.

Tusionekane tunabeza. Mwaka 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, zaidi ya watoto 240,000 walipata sifuri, karibu sita katika kumi. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na baadaye alama zikapangwa upya na ufaulu ukapanda hadi kama asilimia 43, bila mtoto yeyote kurudia mtihani. Kutoka huko hadi 92 kuna kazi ya kweli ndani yake: ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Kabla ya hapo alifukuzwa. Na hebu tulitazame hilo la msichana kwa jicho la takwimu. Msichana aliyefukuzwa kidato cha pili hakuishusha asilimia ya shule yake hata kidogo. Kama alikuwa mwanafunzi dhaifu, kuondoka kwake kuliipandisha. Shule ilimpoteza mtoto, na kwenye karatasi ikawa imefanya vizuri. Ni vilevile kwa shule zinazofanya mchujo, zile ambazo mwanafunzi asiyefikisha wastani huambiwa ahame, au akajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea ili asiichafue shule. Baraza la Mitihani liliacha mwanzoni mwa 2023 kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora, na wengi walilalamika kwamba wamenyang'anywa raha. Sisi tuliona ni uamuzi mzuri. Orodha ile ilikuwa inalipa shule kwa kufukuza.

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, hatuwezi kupita bila kusema na hili: mtoto anayesoma Kiswahili miaka saba katika shule ya serikali, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, historia na jiografia vyote ni Kiingereza, ana sababu nzuri ya kunyamaza darasani miaka minne. Sehemu ya zile D tunazozihesabu ni D za lugha. Hilo lina makala yake, litatoka.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya kwetu Afrika. Chukua barabara ya I-45 kutoka Dallas, saa nne hivi kuelekea kusini, utafika Houston, na upande wa kusini magharibi utaikuta Sharpstown, mtaa ambao leo ukizunguka madukani husikosi kusikia Kiswahili cha Kongo. Mwishoni mwa miaka ya tisini Wilaya ya Shule ya Houston ilisifiwa nchi nzima. Ilidai kwamba wanafunzi wanaoacha shule ni asilimia moja na nusu tu. Watu wakauita muujiza. Msimamizi wake, Rod Paige, akawa Waziri wa Elimu wa Marekani mwaka 2001, na sheria mpya ya Rais Bush, iliyotaka kila shule ipimwe kwa mitihani, ikatiwa saini Januari 2002 ikiwa na harufu nzito ya Texas. Mwaka huohuo Houston ilipewa tuzo ya kwanza ya Broad ya wilaya za mijini.

Sasa sikiliza. Katika mwaka wa masomo wa 2001 hadi 2002, sekondari ya Sharpstown ilipeleka ripoti kwamba walioacha shule ni sifuri. Siyo wachache, ni sifuri. Mwalimu mkuu msaidizi, Robert Kimball, aliisoma namba hiyo akajua haiwezekani, maana aliwajua watoto ambao hawakuwepo tena. Waliokuwa wameondoka mwaka ule walikuwa 463. Alisema hadharani, magazeti yakaandika mwaka 2003, na jimbo likatuma wakaguzi kwenye shule 16 za Houston. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi karibu 5,500 walioondoka kwenye shule hizo walipaswa kuhesabiwa kuwa wameacha shule, na hawakuhesabiwa.

Walikwenda wapi, basi? Walikwenda kwenye misimbo. Kila mwanafunzi anayeondoka shule ya Texas lazima aandikiwe msimbo wa sababu: amehamia shule nyingine, amehamia jimbo jingine, anasomea nyumbani, na kadhalika. Mmoja wa misimbo hiyo, ambao upo hadi leo, maana yake ni kwamba mwanafunzi amerudi nchini kwao. Ukiandikiwa huo, huhesabiwi kuwa umeacha shule. Sheria sasa zinadai ushahidi wa karatasi, na hali si ile ya 2002. Lakini sisi tuliposoma jambo hilo katika mkutano wa chama tulikaa kimya kidogo.

Kwa sababu tunawajua watoto ambao msimbo huo ungewatosha kama nguo ya kushonewa. Vickery Meadow, kaskazini mashariki mwa Dallas, ni mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyobanana ambako mashirika yamekuwa yakiwapangisha wakimbizi kwa miaka mingi. Wanachama wetu huenda huko kusaidia masomo ya jioni. Wengi wa vijana wa Kikongo tunaokaa nao hawajawahi kuishi Kongo. Wamezaliwa Nyarugusu, kambi iliyo mkoani Kigoma tangu 1996. Humo walisoma kwa mtaala wa Kongo, wakiwa kwenye ardhi ya Tanzania, wakingoja kwenda Marekani. Mwambie kijana kama huyo "amerudi nchini kwao", kisha muulize ni ipi. Ukitafuta mahali alipo kwenye mistari ya takwimu tunayopongezana nayo, humwoni. Ufaulu wa Tanzania haumhusu, kwa sababu hakusoma mtaala wa Tanzania. Kongo ilifuta ada ya shule ya msingi Septemba 2019 na kuandikisha mamilioni, lakini yeye alikuwa upande wa pili wa ziwa. Amefika hapa akiwa na miaka 17, hana cheti kinachoeleweka ofisini, na anawekwa darasa la tisa na watoto wa miaka 14.

Jimbo lina jina lake pia. Tangu 2021 sheria ya Texas inamwita mwenye lugha mbili anayechipukia, jina zuri kuliko lile la zamani la kwamba Kiingereza chake kina upungufu. Sisi tunacheka kidogo, kwa upendo, maana kijana anayeongea Kibembe na mama yake, Kiswahili na jirani, Kifaransa na mwalimu wa zamani na Kirundi cha sokoni, amechipukia kitambo na ameshatoa matawi. Mtihani wa jimbo, STAAR, upo kwa Kihispania kuanzia darasa la tatu hadi la tano. Kwa Kiswahili haupo katika darasa lolote. Ili ahitimu sekondari anatakiwa kufaulu mitihani mitano, ukiwemo wa historia ya Marekani, nchi ambayo mwaka juzi aliijua kwa fulana za mitumba.

Sheria inamruhusu asome hadi afike miaka 21. Lakini kijana anapiga hesabu: miaka minne, kodi ya nyumba, wadogo wanne. Maghala ya kusini mwa Dallas yanaajiri zamu ya usiku. Mmoja wa tuliowasaidia alishauriwa na shule yake, ambayo hatuitaji, kwamba kwa umri wake afadhali aachane na sekondari akatafute GED. Inawezekana ushauri ulikuwa wa nia njema. Lakini tayari mnajua, kwa mfano wa Sharpstown, nani hunufaika mwanafunzi mgumu anapotoka kwa hiari. Kijana huyo sasa anapanga maboksi usiku. Hakuna mstari wa takwimu ulioshuka kwa ajili yake.

Wakenya wa chama wametuomba tusiwasahau, nasi tunawashukuru kwa kujitolea. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 wa KCSE walipata A. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i alipobana wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141. Mwaka uliofuata walikuwa 142. Mtu aliyesoma mstari huo bila kujua habari angedhani Kenya imepatwa na ugonjwa wa ubongo kati ya Januari na Desemba. Kumbe ule ulikuwa mwaka ambao nchi ilianza kujisemea ukweli. Ndiyo maana hatuamini kwamba mstari unaopanda ni afya kila mara, wala unaoshuka ni maradhi. Na hapa Texas vivyo hivyo: mwaka 2023 wizara ya jimbo ilibadilisha masharti ya herufi. Sehemu inayopima utayari wa wahitimu kwa chuo, kazi au jeshi, ambayo zamani ilitaka asilimia 60 ili upate A, sasa ilitaka 88. Wilaya zaidi ya mia moja zilikwenda mahakamani, herufi za 2023 zikakaa kabatini hadi Aprili 2025, na za 2024 na 2025 zikatolewa kwa pamoja Agosti. Shule ileile, walimu walewale, watoto walewale, herufi nyingine.

Na herufi hizo si za mapambo. Mwaka 2023 jimbo liliiondoa bodi iliyochaguliwa na wananchi wa Houston na kuweka watu wake, na sababu ya kisheria ilikuwa alama mbaya za mfululizo za shule moja, sekondari ya Wheatley. Akateuliwa msimamizi Mike Miles, aliyewahi kuongoza shule za Dallas kati ya 2012 na 2015. Katika baadhi ya shule maktaba ziligeuzwa kuwa vyumba vya watoto waliotolewa darasani. Alama za mitihani zimepanda tangu hapo, na watetezi wake wana haki ya kusema hivyo. Lakini ukitaka kupima ustawi wa mji kwa elimu, maktaba iliyofungwa utaiweka kwenye safu gani? Shule yenyewe, jamani, ina jina la Phillis Wheatley, msichana aliyechukuliwa utumwani Afrika Magharibi akajifunza kusoma na kuandika akawa mshairi.

Tukiwa tunabishana juu ya haya, mwenzetu anayesomea uchumi alituuliza swali la haki: mkishaitoa asilimia ya ufaulu, mnaweka nini? Serikali isiyopimwa hulala. Tunakubaliana naye kabisa, na jibu letu halihitaji uvumbuzi, maana Afrika Mashariki imeshalifanya. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa Uwezo ulianza kupima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa kufuata mfano wa India. Haukwenda shuleni kwanza. Ulikwenda nyumbani. Watu wa kujitolea walibisha hodi, wakauliza watoto wa nyumba hiyo ni wangapi, kisha wakampa kila mtoto hadithi fupi na hesabu za darasa la pili, awe anasoma au hasomi. Ripoti yao ya 2011 ilionyesha kwamba katika nchi hizo tatu, watoto wa darasa la tatu wenye uwezo wa msingi wa darasa la pili walikuwa chini ya theluthi moja. Namba hiyo iliuma, na iliuma kwa sababu haikuwa na mlango wa nyuma. Huwezi kuipandisha kwa kumfukuza mtoto, kwa kuwa ukimfukuza atakwenda nyumbani, na nyumbani ndiko wanakohesabia.

Hapo ndipo tunaposimama. Kipimo cha elimu kinachostahili kuitwa kipimo cha ustawi wa taifa ni kile ambacho mtoto aliyetoka anakishusha. Tanzania ingeweza kuanza Januari ijayo bila gharama yoyote: pembeni ya asilimia ya ufaulu, Baraza liandike idadi ya walioanza darasa la kwanza miaka kumi na moja nyuma. Namba mbili kwenye ukurasa mmoja. Kenya, inayohama kutoka 8-4-4, ina nafasi ya kufanya hivyo tangu kundi la kwanza la mtaala mpya, kabla mazoea hayajaota mizizi. Texas tayari inafuatilia makundi ya darasa la tisa kwa miaka minne, mitano na sita. Inachobaki ni kutangaza misimbo ya walioondoka kwa sauti ileile inayotangaza herufi, mtaa kwa mtaa.

Kuna watakaosema kuhesabu ni kazi ya serikali peke yake. Tanzania ilijaribu msimamo huo: mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya Septemba 2018 yalifanya iwe kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Walioogopa zaidi katika miezi ile walikuwa watu wa aina ya Uwezo, wale wanaobisha hodi.

Sisi tutabisha hodi. Kuanzia muhula ujao, kikundi chetu cha masomo ya jioni Vickery Meadow kitaweka daftari lake, na halitaanza na wanaohudhuria. Litaanza na nyumba. Kwa ridhaa ya wazazi tutaandika watoto na vijana wote wa nyumba hiyo hadi miaka 21, nani anasoma, nani ameacha, ameacha lini na anafanya kazi wapi. Majina yatabaki kwetu. Namba tutazichapisha hapa kila mwisho wa muhula, zikiwa nzuri au mbaya. Kwa walioacha tutarudi na taarifa za kurudi shuleni kabla ya miaka 21, za madarasa ya jioni na ya GED, zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa barua nyingi zinazofika kwenye nyumba hizo wanazisoma watoto wa darasa la nne kwa niaba ya wazazi. Tangu mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, wageni wapya wa kutoka kambini karibu hawaji, kwa hiyo hatuna kisingizio cha wingi. Waliopo wanajulikana mlango kwa mlango.

Tunahitaji watu kumi na wawili, angalau wanne wanaojua Kiswahili cha Kongo vizuri, na mmoja mwenye gari siku za Jumatano. Ukisema "ndiyo" kwa Kiswahili cha Dar wakati mama amekuuliza jambo kwa Kiswahili cha Uvira, unaweza kuwa umekubali kitu kingine kabisa. Wanaotaka kushiriki wamwone katibu kabla ya mapumziko ya Novemba.